Maranda ya Mninga

Jumatatu, 5 Mei 1975

Mvua. Nimefua shati la Ambokile mara tatu na maji bado mekundu. Namwaga beseni, namimina mengine, mekundu tena. Kama chai ya rangi iliyokolea. Mtu asiyejua angesema tumechinja. Ni vumbi la mti mpya, mninga, ulioletwa na lori kutoka Chunya. Zamani mwanangu alikuwa anakereza mikaratusi na misindano, na shati lilikuwa linatakata kwa maji ya kwanza.

Asubuhi amepiga chafya saba akinywa uji. Nilihesabu. Tukacheka wote wawili.

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alisema tuandike kila tukipata nafasi, mkono usije ukasahau. Basi naandika. Sabuni imebaki kipande.

Alhamisi, 8 Mei

Nimempelekea ndizi na maharage karakana ya kijiji. Ni chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga. Injini ni moja. Mkanda mmoja unasaga mahindi, mwingine unapita kwenye tundu la ukuta na kuzungusha mashine ya kukereza. Kipande cha mti kinazunguka, Ambokile anakigusa na patasi, kinageuka bakuli. Nimeona mara nyingi na bado huwa nasimama nikishangaa.

Mlango wanaufunga. Mvua ya kwetu inaingia kwa ubavu, na mkanda ukilowa unateleza. Kwa hiyo ndani hakuna upepo. Nilimkuta mwanangu kope nyekundu, nywele nyekundu, hata ndani ya masikio.

Nikamwambia, "Baba, leo umekuwa nyanya."

Akasema, "Juba, acha maneno. Shika hii." Juba ndiyo mama kwa lugha ya kwetu.

Bakuli. Laini kama shavu la mtoto. Mistari ya kahawia na mingine kama asali, imezunguka yenyewe ndani ya mti, hakuna aliyeichora. Harufu yake tamu. Aliniangalia nikiishika, alikuwa anataka niseme kitu.

Katibu wa kijiji akaingia. "Mama Ambokile, umetuzalia fundi! Hizi zinakwenda Saba Saba. Wilaya nzima itauliza zimetoka kijiji gani." Nilijivuna. Naandika ukweli, nilijivuna sana.

Nilikohoa njia nzima kurudi nyumbani. Ukungu.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani Ambokile hakuimba. Yeye ndiye sauti ya chini ya kwaya yetu, akinyamaza unasikia shimo. Alifungua kinywa, kikohozi kikatoka. Akatoka nje. Nikamfuata. Akanikatalia kwa mkono, kama unavyofukuza kuku.

Sipendi kikohozi hiki. Nilizaa watatu, amebaki yeye. Ana miaka ishirini na sita na mimi bado nikisikia akikohoa naamka.

Godoro lake ni baya. Majani ya migomba ya mwaka juzi, yamelowa, yananuka. Atakosaje kukohoa? Baridi inatoka chini inamwingia mgongoni. Nimeshapata wazo. Pale karakana maranda wanayatupa. Mepesi, makavu, yamejikunja kama nywele. Nimekuwa nikileta gunia moja moja la kuwashia moto, na kila nikitia mkono nasema haya si ya kuchoma.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda Tukuyu kwa Mama Zuhura dukani. Yeye ni mtu wa nguo, mumewe anauza chumvi na taa. Sufi ya godoro hana, anasema mpaka gari la Kyela lije na gari la Kyela halijulikani. Nikamwambia nataka marekani tu, cha kujaza ninacho. Alipojua ni maranda ya mninga alicheka mpaka akashika meza.

"Mwenzangu, mimi na duka langu nalalia sufi iliyoganda kama ugali wa jana, wewe mwanao unamtandikia mbao za mawaziri! Akioa huyo, bibi harusi ataamka saa ngapi?"

Kanipunguzia bei ya kitambaa. Mungu ambariki.

Nimeshona kutwa. Magunia manne yameingia. Mwisho nilitia na yale madogomadogo ya chini, laini kama unga, yajaze pembeni. Ambokile aliporudi akajitupa juu yake kwa kishindo kama alivyokuwa akifanya mdogo. Akasema, "Juba, hili ni la mfalme." Chumba kizima kinanukia.

Nina furaha.

Jumamosi, 17 Mei

Kifua chake kinalia. Akitoa pumzi inapiga mluzi. Nilikuwa jikoni nikafikiri ni birika.

Nimemfukiza. Majani ya mkaratusi kama kawaida, maji ya moto kwenye sufuria, blanketi juu. Na utingo wa lile lori la magogo aliwahi kuniambia huko kwao Chunya mninga ni dawa, utomvu wake mwekundu wanapaka kidonda, magome wanachemsha. Nikachota maranda mikono miwili nikatia. Maji yakawa mekundu mara moja. Nikasema hii sasa ni dawa.

Alikaa kidogo chini ya blanketi akaanza kusukuma. Nikasema vumilia, baba, ugonjwa ndio unatoka. Akasukuma tena. Nilishika blanketi kwa mikono yote miwili.

Alipotoka macho yamejaa damu, midomo siyo rangi yake. Alikaa kizingitini muda mrefu, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka.

Nilidhani nafanya vizuri.

Jumatano, 21 Mei

Hakwenda kazini leo. Amelala kutwa. Nilitegemea apate nafuu. Jioni mbaya kuliko asubuhi.

Ijumaa, 23 Mei

Hospitali. Tulipanda lori la majani ya chai, dereva alituhurumia. Benchi limejaa. Kila akikohoa watu wanasogea. Mama mmoja alimfunika mtoto wake uso. Nilitamani kumwambia mwanangu si mchafu.

Daktari kijana, mpole, anaandika kila kitu. Wamechukua makohozi kwenye kikopo. Akauliza kazi. Ambokile akasema fundi wa kukereza. Akauliza, "Mbao gani?" Akasema mninga. Daktari akanyanyua kalamu.

Akauliza, "Siku usizokwenda kazini, Jumapili kwa mfano, unapumua vizuri zaidi?"

Ambokile hakuwa na pumzi ya kujibu upesi. Nikajibu mimi. Nikasema, "Hapana, Daktari. Jumapili ndiyo anazidi. Akishinda nyumbani kitandani ndiyo mbaya kabisa. Akienda kazini asubuhi, hewa ya njiani inampa nafuu."

Ni kweli tupu niliyosema. Nilikuwa nimeangalia kwa macho yangu.

Daktari akaandika. Akasema basi pengine siyo mbao. Tusubiri majibu ya makohozi.

Nilifurahi kwamba siyo kazi. Kazi yake anaipenda.

Jumatatu, 2 Juni

Siyo kifua kikuu! Nilipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya hospitali, nesi akaniinua. Ndaga, asante, Mungu wangu.

Daktari anasema ni pumu. Baridi ya kwetu haimfai. Apate joto, apumzike vya kutosha, alale pakavu. Katupa vidonge vyeupe vidogo. Nilimwambia pakavu anapo, godoro lake nimelishona mwenyewe juzijuzi. Akasema vizuri sana, mama.

Nimerudi nikamshonea na mto. Maranda yaleyale, niliyachagua yaliyo laini zaidi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwa Katibu. Sikumwambia Ambokile.

Katibu si mtu mbaya. Alinipa kiti, akamwambia mkewe alete chai. Nikamwambia mwanangu anachoka, mpe mtu mwingine mashine. Akashika kichwa. "Nimpe nani, mama? Wale wawili aliowafundisha wamekimbilia Mbeya. Mimi nikiweka patasi pale natoa kuni." Bakuli zimeandikwa kwenye barua, wilaya wanazingoja, kijiji kimekwisha kuahidi. Lakini akakubali: siku mbili apumzike nyumbani, hata kazi ya shamba la kijiji asiende.

Nilirudi nikiona nimeshinda.

Jumamosi, 14 Juni

Siku mbili za kupumzika zimeisha. Alilala zote. Nilimfunika, nilimgeuza, nilimwinulia mto. Hawezi kumaliza sentensi. Anasema neno, anavuta, anasema neno.

Katibu kaja kumwona. Akasimama mlangoni kofia mkononi. Akaniambia taratibu, "Unaona, mama? Siyo kazi. Akiwa kazini anasimama. Hapa ndipo anapokufa."

Kesho kutwa anarudi karakana.

Sijui nimshike wapi mwanangu.

Jumanne, 17 Juni

Vidonge vinaisha. Mvua. Shati, beseni, maji mekundu.

Jumapili, 22 Juni

Shemeji yangu wa Lufingo, mdogo wa marehemu mume wangu, amefiwa na mkewe. Ambokile lazima aende, ni mama yake mdogo. Nilimkatalia, kule kuna kilima. Akaenda. Kapanda taratibu na fimbo kama mzee. Mimi nimebaki, ng'ombe anakaribia kuzaa.

Hapati blanketi zuri kule. Watalala chini juu ya majani ya migomba, wanaume wote pamoja, milango wazi. Atanifia huko.

Alhamisi, 26 Juni

Amerudi!

Nilimsikia kabla ya kumwona. Anapiga mluzi. Siyo wa kifua, wa kinywa. Amepanda ule mteremko wa mtoni bila kusimama na kichwani ana mkungu wa ndizi. Nikamwuliza wamekupa dawa gani huko? Akasema hawakunipa kitu, juba, wamenipa kazi ya kuchimba kaburi. Akacheka.

Kuchimba kaburi! Siku nne kulala chini na baridi, na kifua kimefunguka.

Amekula sahani mbili. Akaingia kulala mapema. Kwanza alisimama kidogo akiliangalia godoro. Nikamwambia lala, baba, umechoka. Akalala.

Ijumaa, 27 Juni

Asubuhi kifua kimefunga tena. Usiku mmoja tu.

Alikwenda kazini hivyo hivyo. Mimi nikaingia kumtandikia. Leo jua limetoka, jambo la nadra, linaingia kwenye nafasi za mianzi ya ukuta. Nikalinyanyua godoro, nikalipiga piga mikono kulilainisha kama ninavyofanya kila siku. Nikaliona vumbi. Lilitoka kwenye mshono likasimama ndani ya mwanga, jekundu, wala halishuki. Nikapiga chafya. Macho yakawasha. Koo likawa kama nimemeza pilipili. Nikakumbuka kila siku nikitandika hapa napiga chafya na nasema ukungu.

Nikakaa chini.

Nikakumbuka Lufingo. Nikakumbuka siku zile mbili za kupumzika. Nikakumbuka blanketi na sufuria, na mikono yangu miwili. Nikamkumbuka Daktari alivyonyanyua kalamu, na mimi nikajibu.

Kazini anapata vumbi mchana. Nyumbani nilimpa la usiku. Hakuwa na Jumapili. Mimi ndiye niliyemnyima Jumapili.

Sikupika leo.

Jumamosi, 28 Juni

Nimepasua godoro, nje, leso usoni. Na mto pia. Kuchoma naogopa moshi. Kutupa barabarani, watu watauliza. Nimechimba shimo chini ya migomba ya nyuma, nikafukia yote, nikakanyaga.

Ambokile alipouliza nikasema kunguni. Nimemwekea majani ya migomba makavu, mapya. Sikumwangalia usoni.

Nimeshindwa kusema. Najua kusema maneno mengi lakini haya hayatoki. Nayaandika hapa tu.

Jumatatu, 30 Juni

Nimekwenda hospitali peke yangu, kwa miguu. Niliwahi kabla foleni haijawa ndefu. Daktari akashangaa, akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikamwambia, "Daktari, lile jibu nililokupa nalirudisha." Nikamweleza yote, godoro, mto, sufuria. Sikulia. Nilitaka asikie vizuri.

Akatafuta karatasi yake ile, akakata mstari, akaandika upya. Akasema wengine mbao hizi haziwafanyi kitu, wengine kifua kinazikataa kabisa, na kikishakataa hakirudi nyuma. Aache mninga. Aache hata kuingia chumba kile. Akiendelea ipo siku kitafunga kisifunguke. Akaniandikia cheti.

Nikamwuliza kama mimi ndiye niliyemharibu. Akasema, "Mama, ulitaka alale vizuri." Hilo siyo jibu. Wote wawili tulijua.

Cheti nimempa Ambokile. Akakisoma, akakikunja, akakitia mfukoni. Akasema, "Na mimi nitakuwa nani, juba?"

Nikasema utakuwa mtu anayepumua.

Akasema kuku pia anapumua.

Jumanne, 1 Julai

Amempelekea Katibu cheti mwenyewe. Nilifikiri ndiyo mwisho. Katibu kasoma, kasema atakiheshimu, baada ya Saba Saba. Zimebaki bakuli sita. Na Ambokile kakubali! Anasema hawezi kuziacha zikiwa magogo, watu watasema fundi wetu aliugua mti. Atafunga kitambaa kibichi puani.

Nimegombana naye. Nimemwita mjinga, neno ambalo sijamwita tangu azaliwe. Akanijibu kwa upole na hiyo ndiyo ilinimaliza.

Ni mtu mzima. Siwezi kumbeba mgongoni.

Jumatano, 2 Julai

Nimekwenda karakana. Nimefungua mlango nikasimama katikati, mgongo kwa mvua, nimeushika usijifunge. Vumbi lilikuwa linatoka kunipita. Nililiona linatoka. Nikasema nitasimama hapa mpaka bakuli ziishe.

Akina mama wenye mahindi wakacheka mwanzo. "Mama Ambokile kawa bawabu!" "Mwacheni, anaota mvua." Baadaye mkanda ukalowa, ukateleza, jiwe la kusaga likasimama na wao wakaacha kucheka. Tangu alfajiri wako kwenye foleni na nyumbani watoto wana njaa. Mwenye mashine akanishika mkono akaniondoa, bila ubaya. Mlango ukafungwa.

Nilisikia mkanda umeanza tena.

Ijumaa, 4 Julai

Zimebaki mbili. Majani ya migomba yanamsaidia usiku, naona. Asubuhi anaamka na kifua kizuri kidogo. Halafu anakichukua anakwenda kukiharibu. Mimi nafua kitambaa cha pua. Nacho maji yake mekundu.

Jumamosi, 5 Julai

Amemaliza bakuli ya mwisho, akaipaka nta, akaiweka kwenye rafu, akakaa chini. Hakuinuka.

Watu wa mashineni walimleta barabarani kwenye machela ya mianzi, mimi nyuma yao. Mama Zuhura alikuwa anarudi kutoka mnada wa Kawetele, ndiye aliyesimama katikati ya barabara na baibui lake akalizuia lori. Dereva alitukana. Mama Zuhura akamtukana zaidi. Tukapanda.

Midomo ya buluu. Nilimkalisha kifuani kwangu, mtu mzito kama yule, na kila pumzi yake niliivuta naye. Lori lilikwenda polepole. Sikuwa na la kufanya. Nilikuwa nashika tu. Safari hii sikumfunika.

Wamemchoma sindano. Wamemwekea mpira wa hewa puani. Daktari hakuniuliza kitu.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Karedio ka nesi kanaimba nyimbo za sherehe kwenye meza. Wodi nusu tupu, wote wenye miguu wamekwenda kwenye maonyesho.

Anapumua. Siyo vizuri, lakini anapumua peke yake. Alikunywa maziwa.

Jioni Katibu akaja, viatu vimejaa matope ya uwanjani. Akasema watu walijipanga kuziona bakuli. Mkubwa mmoja kachukua moja akaizungushazungusha, akauliza mkerezaji ni nani, aje ampe mkono. Katibu aliposema hivyo sauti yake ilikatika. Akasema mashine amefunga, ufunguo ameuleta. Akauweka juu ya blanketi.

Ambokile akauangalia. Akaniambia niuweke kwenye kikapu. Basi.

Jumatano, 16 Julai

Tumeruhusiwa. Tulitembea kutoka barabarani mpaka nyumbani, na kile kipande tunachotembea muda wa kuchemka chai kimetuchukua asubuhi nzima. Jiwe kwa jiwe. Daktari kasema kifua kitarudi kiasi, siyo chote. Jembe zito hapana. Kwaya, tuone.

Mama Zuhura kamletea sufi. Gari la Kyela hatimaye limekuja. "Hii haina umaridadi," kasema, "lakini haimdai mtu pumzi." Nilishtuka, nikafikiri anajua. Hajui. Alikuwa anatania.

Jumapili, 20 Julai

Imenyesha usiku kucha na asubuhi ikaacha. Hatukwenda kanisani, kilima ni kirefu. Ambokile alikaa kizingitini na kikombe chake. Mimi nachambua maharage. Ndama mpya analamba mguu wa kiti.

Nikaona maji kwenye njia. Yanatoka nyuma, kwenye migomba, yanatambaa polepole kuelekea mlangoni. Mekundu. Mvua imefukua shimo langu. Nilikanyaga sana siku ile lakini ardhi ya kwetu haishiki siri na mvua hizi.

Yakapita mbele ya miguu yake. Aliyaangalia. Rangi ile hakuna anayeijua kuliko yeye. Akayafuata kwa macho mpaka kwenye migomba, halafu akaniangalia mimi. Maharage yalikuwa mkononi. Nilifungua kinywa. Niliapa kwamba sasa nitasema.

Akainuka. Akachukua jembe dogo la palizi, lile langu, akaenda nyuma. Nikamsikia anaweka udongo. Anaweka, anapumzika. Mluzi wa kifua mdogo tu. Anaweka tena. Nilimwacha. Kazi ya kiasi kile Daktari hakukataza.

Aliporudi akaosha mikono kwenye beseni. Akasema, "Juba, chai bado ipo?"

Nikasema ipo, baba. Nikammiminia.